Mwisho wa reli, mwisho wa orodha? Kigoma-Ujiji chini ya rula nne

Manispaa ya Kigoma-Ujiji inaweza kushika mkia, kukaa katikati au kuongoza miji ya Tanzania ndani ya mwaka uleule, na hakuna aliyedanganya. Ukipanga kwa pato la kila mtu utaikuta chini. Ukipanga kwa halmashauri zilizovuka lengo la makusanyo, unaweza kuikuta juu ya miji iliyoizidi mara tatu kwa fedha. Ukitumia taa zinazoonekana usiku kutoka angani, jibu litategemea kama umekata picha ufukweni au umeacha ziwa lionekane. Na ukipanga kwa kasi ya ukuaji, itapanda na kushuka kulingana na mkandarasi gani yuko mkoani mwaka huo.

Tumeuchagua mji huu kwa sababu makosa ambayo kwingine hujificha, hapa yako wazi. Hoja yetu ni moja: orodha nyingi za uchumi wa miji hupima mahali risiti inapokatwa, nao uchumi wa Kigoma sehemu kubwa hupita kabla ya risiti, nje ya mpaka wa manispaa, au juu ya maji.

Huko Marekani, ambako mashindano haya ya miji yamekomaa, orodha ya taasisi ya utafiti ya Milken Institute huangalia ukuaji wa ajira, mishahara na sekta ya teknolojia, na miaka ya karibuni imeongeza unafuu wa makazi na upatikanaji wa intaneti. Inawezekana kwa kuwa takwimu za ajira za kila eneo la mji hutoka mara kwa mara, na eneo lenyewe huchorwa kwa kufuata watu wanakosafiri kila siku kwenda kazini, si kwa mpaka wa meya. Sisi hatuna takwimu za namna hiyo kwa ngazi ya mji, kwa hiyo kila anayepanga miji yetu huazima rula iliyokatwa kwa kazi nyingine. Rula hizo ndizo tunazozipitia hapa.

Mji wenyewe

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na ghuba yenye kina ikaipokonya Ujiji biashara iliyokuwa nayo tangu enzi za misafara. Watu husema "mwisho wa reli". Kwa shehena ya Kalemie, Uvira au Bujumbura, hapo ni nusu ya safari tu. Tangu zamani mzigo unaopita hapa umekuwa wa wengine: kwa mkataba wa mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili bidhaa za Kongo na Ruanda-Urundi zipite bila ushuru. Miaka mia moja na ushee baadaye, anayesoma takwimu za forodha bado anakutana na jambo lilelile. Shehena inabebwa na makuli wa Kigoma, thamani yake inaandikwa kwingine.

Sensa ya 2012 iliikuta manispaa ina watu 215,458, na ile ya 2022 takriban 232,000. Ongezeko hilo halifiki hata asilimia moja kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Msomaji wa haraka atasema mji umedumaa. Lakini toka mjini uelekee Mwandiga: nyumba haziachani, maduka yapo, bodaboda hazisimami, na watu wa huko asubuhi wanashuka sokoni Mwanga na bandarini kufanya kazi. Ila Mwandiga iko Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Mji umekua ukatoka nje ya mstari, na hesabu ya manispaa haina habari nao.

Rula ya kwanza: pato la mkoa

Ofisi ya Taifa ya Takwimu haitoi pato la miji. Hutoa pato la mikoa, na kwa sehemu kubwa hesabu hiyo huanzia juu: pato la taifa la kila shughuli hugawanywa mikoani kwa vigezo kama uzalishaji, ajira au matumizi ya kaya. Dar es Salaam huongoza kwa ukubwa, Mwanza hufuata. Kwa pato la kila mtu, Kigoma imekuwa miongoni mwa mikoa ya chini.

Anayetaka orodha ya "miji" huchukua namba hiyo ya mkoa akaibandika jina la mji mkuu wa mkoa. Hapo ndipo kosa la kwanza linapoingia, na ni la hesabu nyepesi kabisa. Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 2,470,967 mwaka 2022. Manispaa ni kama asilimia 9 tu ya hao. Waliobaki wako Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza na Kigoma vijijini, na wengi wao wanalima. Namba inayoitwa "Kigoma" ni wastani wa mashamba ya mihogo, maharage na michikichi. Mkoa wa Dar es Salaam kwa upande wake ni mji karibu wote. Ukiweka namba hizo mbili kwenye orodha moja ukaiita orodha ya miji, umelinganisha mji na mashamba.

Rula hii ina sifa moja ambayo wakosoaji wake huisahau: inajaribu kukadiria kisicho na risiti. Uvuvi mdogo umo, kilimo cha kujikimu kimo. Kwa hiyo kusema "pato la mkoa halioni sekta isiyo rasmi" si kweli. Inaiona, ila kwa makadirio, na ubora wa makadirio unategemea kazi inayofanyika mwaloni, pale vyombo vya uvuvi vinaposhusha samaki. Tushuke huko.

Dagaa wa Katonga, kilo kwa kilo

Uvuvi wa dagaa ziwa Tanganyika ni kazi ya usiku na ya giza. Taa huwashwa juu ya maji, zamani karabai na sasa taa za betri na sola, dagaa hukusanyika kwenye mwanga, wavu huinuliwa. Mbalamwezi ikikomaa mwanga unatawanyika ziwa zima na taa hazina kazi, hivyo mitumbwi hupandishwa ufukweni kwa wiki moja na zaidi kidogo. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu, na zinazovuliwa ni kama 20 hadi 22.

Kwa mtu wa takwimu, kalenda hii ni mtego. Karani akifika mwalo wa Katonga siku za mbalamwezi atakuta nyavu zimeanikwa, vijana wanashona na kucheza bao, na fomu yake itaandika sifuri. Akifika siku ya nne ya giza nene atakuta ndoo zimejaa, akizidisha kwa 30 atapata samaki ambao ziwa halikutoa. Dodoso za ajira huuliza kazi iliyofanyika siku saba zilizopita. Kwa kanuni, mvuvi aliyepumzika kwa mbalamwezi huhesabiwa ana kazi kwa kuwa anayo ya kurudia, lakini saa zake za kazi zitasomeka sifuri, na mdodosaji asiyejua desturi ya ziwa ataweka alama kwenye kisanduku kisichofaa.

Mtego wa pili ni maji ndani ya samaki. Dagaa mbichi ana maji karibu asilimia 78. Kilo moja ina gramu 220 za kitu kikavu. Akikaushwa hadi abaki na maji asilimia 12, gramu hizo 220 ndizo asilimia 88 ya uzito mpya, ambao ni gramu 250. Yaani kilo nne za mbichi kwa kilo moja ya mkavu. Takwimu za kutua huandikwa kwa uzito wa mbichi, za kusafirisha kwa uzito wa mkavu. Anayejaza pengo la mwaloni kwa kutumia vibali vya usafirishaji bila kuzidisha kwa nne amefuta robo tatu ya uvuvi wa Kigoma kwa kalamu. Na asifanye kinyume chake pia: mkavu aliyekaushwa vibaya msimu wa mvua ana maji zaidi, labda asilimia 20, na uwiano hushuka hadi kama 3.6. Kwa dagaa wa mchangani ongeza na mchanga wenyewe, ambao mnunuzi wa Dar es Salaam anaujua na anaukata kwenye bei. Ndiyo maana dagaa wa vichanja huenda kwa bei nyingine.

Sasa thamani. Namba zifuatazo ni za mfano, tumeziweka duara ili hesabu ionekane. Tuseme chombo kimeleta dagaa mbichi wa shilingi 1,000,000 kwa usiku mmoja. Petroli, betri na matengenezo ya nyavu vimekula 300,000. Thamani iliyoongezwa ni 700,000, na hiyo ndiyo inayogawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Kinamama wananunua kwa 1,000,000, wanalipa wabebaji 50,000, wanaanika, wanageuza, wanapepeta, wanauza mkavu kwa 1,400,000. Wameongeza 350,000. Mfanyabiashara anapakia, nauli 350,000, anauza Dar es Salaam kwa 2,200,000, ameongeza 450,000.

Ukiacha usafiri pembeni, thamani iliyoongezwa ni 1,500,000, na 1,050,000 kati yake, asilimia 70, imetengenezwa Kigoma. Lakini risiti ya kwanza yenye jina, namba ya mlipa kodi na mashine huenda ikakatwa kwenye duka la Dar es Salaam, na itaandika 2,200,000. Orodha inayosoma mauzo yaliyoandikishwa itaona mji mmoja una milioni mbili na laki mbili na mwingine una ushuru mdogo wa samaki. Orodha inayosoma pato la mkoa itakadiria zile 700,000 za mvuvi vizuri kiasi, na zile 350,000 za uanikaji kwa shida, kwa sababu kazi ya kuanika hufanyika uani na mfanyaji akiulizwa hujibu kuwa yeye ni mama wa nyumbani.

Kuna upande mwingine ambao hata hesabu kamili ya namna hii haiugusi. Pato hujumlisha samaki aliyevuliwa kama kipato, halipunguzi samaki aliyebaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kuwa ziwa limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na uzalishaji wa chakula cha msingi cha samaki umeshuka kwa takriban asilimia 20. Tanzania ililipumzisha ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kwa rula ya pato, miezi hiyo mitatu ni hasara tupu kwa Kigoma, na mwaka unaofuata ukiwa mzuri utahesabiwa kama ukuaji. Aliyekula mbegu atakuwa amepanda kwenye orodha, aliyezitunza ameshuka.

Kibirizi na mzigo wa madumu

Kaskazini ya bandari kuna mwalo wa Kibirizi, ambako maboti ya mbao hupakia kwenda Burundi na Kongo: unga, sabuni, sukari, vyombo vya plastiki, saruji, vinywaji. Kurudi huja na bidhaa nyingine, wakati mwingine na fedha tu. Wanunuzi hulipa kwa dola, faranga au shilingi, na wabadilishaji wapo jirani.

Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinamruhusu mfanyabiashara mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, wenye asili ya nchi wanachama, kupita kwa cheti rahisi cha asili. Burundi iko ndani tangu 2007 na Kongo iliingia 2022. Cheti kikitumika, mzigo unaandikwa. Kisipotumika, mauzo hayo ya nje yanasomeka kama mauzo ya duka la Mwanga, au hayasomeki kabisa. Hata pale yanaposomeka, hesabu ya forodha huonesha thamani ya saruji, na saruji haikutengenezwa Kigoma. Kilichobaki mjini ni kubeba, kuhifadhi, kubadilisha fedha, kulala nyumba ya wageni, kula, kukarabati injini ya boti. Vitu hivyo vimetawanyika kwenye mikono mingi midogo kiasi kwamba hakuna mmoja anayefika kiwango cha kuonekana. Mfanyabiashara mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato kwa makadirio, na kuanzia Desemba 2018 wengi wa ngazi hiyo walinunua kitambulisho cha mjasiriamali kwa shilingi 20,000 kilichowaepusha na tozo nyingine. Kwa mwenye sinia la karanga hilo lilikuwa jambo jema. Kwa takwimu za mji, maelfu ya watu walitoka vitabuni kwa mkupuo.

Tusitie chumvi lakini. Kuna tabia ya kudhani kila kisichohesabiwa ni kikubwa. Ujira wa kuli ni mdogo hata ukiuhesabu wote. Kibirizi ikiandikwa mzigo kwa mzigo, Kigoma itapanda, haitaruka.

Rula ya pili: asilimia ya lengo

Hii ndiyo inayopendwa na vichwa vya habari. TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, hutangaza makusanyo ya mapato ya ndani kwa makundi: majiji, manispaa, miji na halmashauri za wilaya, kwa kiasi na kwa asilimia ya lengo. Kiasi kikitajwa kwanza watu hawashangai. Asilimia ikitajwa kwanza, ndipo pongezi na lawama zinapoanza.

Chukua manispaa mbili za kubuni. Mwaka jana kila moja ilikusanya shilingi bilioni 4. Ya kwanza ikaweka lengo la bilioni 4, ikakusanya 4.4: asilimia 110. Ya pili ikajikaza, ikaweka bilioni 6, ikakusanya 5.4: asilimia 90. Ya pili imeongeza makusanyo kwa asilimia 35 na ya kwanza kwa 10, ila kwenye ubao ya kwanza iko juu na mkurugenzi wa pili anaandika maelezo. Mwaka wa tatu usishangae wote wawili wakiweka malengo laini.

Hata kiasi chenyewe si kipimo cha uchumi. Angalia kilichomo. Ushuru wa huduma kwa muda mrefu umekuwa asilimia 0.3 ya mauzo, si ya faida. Muuza saruji wa jumla mwenye mauzo ya bilioni 2 na faida ya asilimia 2, kwa kiwango hicho, analipa milioni 6 kutoka kwenye faida ya milioni 40. Fundi wa injini za boti mwenye faida nusu ya mauzo yake hatausikia ushuru huo. Mji wa kupitisha mizigo, kama Kigoma, hupata ushuru kwa wingi wa bidhaa zinazozunguka, bila kujali kama watu wake wamebakiwa na kitu. Ushuru wa mazao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo chini ya tani moja hausumbuliwi: mawese ya madumu ya lita 20 yanaweza kuingia mjini kutwa nzima kwa bodaboda bila kuacha alama. Kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kuingia serikali kuu, hivyo wingi wa nyumba mpya hausomeki tena moja kwa moja kwenye daftari la manispaa. Ongeza mauzo ya viwanja ya mara moja, yanayoweza kuipandisha halmashauri mwaka mmoja na kuiangusha unaofuata.

Na mpaka tena. Mzigo ukishushwa Mwandiga, ushuru ni wa halmashauri nyingine. Mteja, muuzaji na gari ni walewale.

Anayetaka kuujua uchumi kwa makusanyo afanye angalau mambo haya: aache asilimia ya lengo kabisa, atoe mauzo ya viwanja na makusanyo yote ya mara moja, achukue wastani wa miaka mitatu, na aulize mashine za kukusanyia mapato (POS) ngapi zilikuwa kazini, maana makusanyo yakipanda baada ya kuongeza mashine, kilichokua ni ukusanyaji.

Rula ya tatu: taa za usiku

Waliochoshwa na takwimu za ofisi hukimbilia setelaiti. Kifaa kinachotumika zaidi kiko kwenye Suomi NPP, iliyorushwa Oktoba 2011, ambayo hupita juu yetu mnamo saa saba na nusu usiku. Mwangaza wa kila kipande cha ardhi hujumlishwa, na mji wenye taa nyingi huhesabiwa tajiri. Kwa mikoa isiyo na takwimu za mji, njia hii inavutia. Kwa Kigoma inakosea mara mbili, na makosa hayo hayafutani.

Kwanza, kwa miaka mingi mji uliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, hadi mkoa ulipoanza kupokea umeme wa gridi ya taifa mwaka 2022. Mji ukiwa kwenye mgawo ni giza saa saba usiku, hata kama mchana soko la Mwanga lilikuwa halipitiki. Gridi inapoingia, taa huongezeka ghafla, na mchoro utaonesha uchumi umeruka. Sehemu ya mruko huo ni ya kweli, kwa kuwa umeme wa uhakika hubadilisha mashine za kusaga, majokofu na gereji za kuchomelea. Sehemu nyingine ni waya tu.

Pili ni ziwa. Saa saba na nusu ya usiku wa giza ndiyo saa ya kazi. Taa za wavuvi huonekana kutoka angani kama mji mwingine uliolala juu ya maji, unaohama kila usiku. Mtafiti anayekata picha kwa mpaka wa nchi kavu huwatupa wote, na kwa hiyo hutupa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya Kigoma. Asiyekata huwagawia manispaa taa za vyombo vilivyotoka Uvinza, Burundi au Kongo.

Ndani ya kosa hilo kuna jingine ambalo wenye ziwa watalicheka. Baadhi ya waandaaji wa picha za wastani huondoa usiku wenye mbalamwezi, kwa sababu mwanga wa mwezi huchafua vipimo. Usiku wanaouondoa ndio uleule ambao wavuvi hawatoki. Wanabaki na siku za giza peke yake, siku za uvuvi, kisha wanaziita wastani wa mwaka. Kwa mji wa bara kama Tabora hilo halibadilishi kitu. Kwa pwani ya Tanganyika linaongeza taa za ziwani kwa karibu asilimia 40 kuliko wastani wa kweli.

Rula ya nne, kwa ufupi

Orodha za ukuaji, mfano zile zinazopanga miji mikubwa ya dunia kwa mabadiliko ya pato na ajira, humpendelea aliyeanzia chini na aliyepata mradi. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Ujenzi ukifanyika mkoani, thamani yake huandikwa kwenye pato la mkoa. Faida ya mkandarasi na sehemu ya mishahara huondoka. Miaka ya ujenzi Kigoma itang'aa, wa kwanza baada ya makabidhiano itaonekana imeanguka, ingawa hapo ndipo reli itakapoanza kazi. Kwa hiyo ukuaji usomwe mara mbili, ujenzi ukiwemo na ukiwa umetolewa.

Bei nazo huvuruga. Shilingi elfu kumi ya Kigoma hununua dagaa na mawese zaidi ya ile ya Dar es Salaam, lakini saruji na mabati hununua pungufu, kwa sababu ya nauli ya kilomita elfu moja na mia mbili kutoka Pwani. Familia inayokula inapata nafuu, familia inayojenga inaumia. Hakuna orodha ya dola kwa kichwa inayozitenganisha familia hizo mbili.

Pale orodha inaposema kweli

Baada ya yote haya, kuna kishawishi cha kusema Kigoma ni tajiri aliyefichwa. Si hivyo. Umeme wa gridi ulichelewa kuliko karibu kila mkoa. Barabara za lami za kuiunganisha na sehemu nyingine za nchi zilichelewa. MV Liemba, meli iliyoshushwa ziwani mwaka 1915, ilikaa miaka bila kubeba abiria. Hakuna kiwanda kikubwa cha kusindika samaki kinachofanana na vile vya Mwanza, na dagaa huondoka mkavu ndani ya magunia, thamani ya kufungasha na chapa ikiongezwa huko waendako. Rula zote nne, kila moja kwa upofu wake, zinauona umbali huo. Kurekebisha vipimo kutaisogeza Kigoma nafasi kadhaa, na bado itabaki chini ya Arusha na Mwanza.

Namna ya kuupima mji huu

Kazi hii haihitaji mitambo. Inahitaji watu wanane hivi wenye mizani na subira, kwa mwezi mwandamo mmoja wa msimu wa kawaida, na mwingine karibu na kufunguliwa kwa ziwa.

Vyombo vihesabiwe siku za mbalamwezi, vikiwa vimepandishwa mchangani; siku za giza utahesabu vilivyorudi tu, na utakosa vilivyoshuka mwalo mwingine. Mavuno yapimwe siku za giza, chombo kimoja kati ya vitano, usiku nane uliotawanywa mwanzo, katikati na mwisho wa giza. Ndoo zisihesabiwe kwa uzito wa kudhaniwa. Pima ndoo kumi kila mwalo, kwa sababu ndoo ya kusawazisha na ndoo ya kujaza mlima hutofautiana kwa kilo kadhaa, na kosa la ndoo moja huzidishwa na ndoo zote. Kwa waanikaji, pima fungu lilelile kabla na baada ya kuanika, uandike kama ni kichanja au mchanga, na uulize saa zilizotumika badala ya kuuliza "unafanya kazi?".

Kibirizi waketi watu wawili kutoka alfajiri hadi boti la mwisho, siku saba mfululizo, waandike aina ya mzigo, idadi ya vifurushi na sarafu iliyolipiwa. Kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo (BMU) kishirikishwe mapema, la sivyo kila swali litasikika kama la ushuru na majibu yatapunguzwa nusu. Hesabu ya mji ifanywe mara mbili, bila Mwandiga na pamoja na Mwandiga, zichapishwe zote mbili. Nafasi ya mji itolewe kama kipande, tuseme kati ya ya 11 na ya 18, na si namba moja.

Mwisho, fomu zote ziwe na safu ya siku ya mwezi mwandamo kando ya tarehe. Tarehe 5 na tarehe 20 za mwezi mmoja zimeachana nusu ya mzunguko: Katonga moja ikiwa giza, nyingine ni mbalamwezi, na bila safu hiyo karani wa ofisini ataandika kwamba uvuvi umeporomoka ndani ya wiki mbili.